Wapwa wa Baba Mdogo

Sheria mpya ya kazi ilipotangazwa, baba mdogo alinuna wiki nzima. Alikuwa na karakana ya makochi mtaani Nyakabiga, na mafundi wanne waliomfanyia kazi kwa makubaliano ya mdomo tu. Sasa serikali ilitaka kila fundi awe na mkataba wa maandishi na aandikishwe kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii. Ungedhani ameambiwa agawe nyumba yake. Mimi nilikuwa nikimsaidia kuuza, kwa hiyo malalamiko yote yalinimwagikia.

Ijumaa baada ya swala, yeye na wenzake wenye maduka walibaki nje ya msikiti wakinung'unika. Watu wazima, wengine mahaji, wanalia kwamba kumwandikisha mtu anayekubebea mbao ni uonevu! Hapo mmoja akasema amesikia kuwa sheria haiwagusi ndugu wanaosaidiana kazi ya familia. Baba mdogo alirudi anatabasamu, nami nikajua kuna ujinga unakuja.

Mkaguzi wa kazi alipofika, baba mdogo aliwapanga mafundi mbele ya makochi, akamwambia wote hao ni watoto wa dada yake. Dada yake ni shangazi yangu. Yuko Kigoma, na ana binti mmoja tu. Isitoshe, baba mdogo ana pua na rangi ya babu yetu aliyetoka Omani, na mafundi wale walitoka milimani huko ndani, hawafanani naye hata ukucha. Mkaguzi aliwatazama, akamtazama yeye, akamaliza Fanta aliyoletewa, akaenda zake. Mpaka leo sijui nimdharau nani zaidi.

Tangu siku hiyo mafundi wakawa wapwa, hata mbele ya wateja. Likizo? Mtu haombi likizo kwa mjomba wake. Kubakizwa kazini mpaka jua lizame? Familia haiangalii saa. Lakini wapwa hao walikula mchana nje, juu ya rundo la maranda, sisi tukiwa ndani mezani. Nilimwuliza ni undugu gani unaoishia mlangoni. Akasema kusoma kumeniharibu.

Kisha mashine ya kukatia mbao ikamkata vidole fundi mkubwa wao, ambaye makochi yake ndiyo yaliyotuletea wateja mpaka kutoka Kigobe, mtaa wa matajiri. Baba mdogo alituma mfuko wa machungwa hospitali, na keshoye akaanza kuulizia fundi mwingine. Mwenyewe hakwenda. Alisema harufu ya hospitali inamsumbua. Fundi alikuwa na mke na watoto katika chumba cha kupanga Ngagara, na mkono ule ndio uliowalisha. Kama ni mfanyakazi, sheria ilimpa haki ya kudai fidia. Kama ni mpwa, alikuwa na machungwa. Niliona haya kwa niaba ya baba mdogo, maana yeye hakuwa nayo.

Habari za ajali zilifika kwa mkaguzi, naye akarudi. Safari hii hakutaka Fanta. Alitaka kumsikia fundi mwenyewe. Baba mdogo alikuwa amekwisha mpitia nyumbani asubuhi na kumwagiza amwite mjomba mbele ya serikali, akimwahidi kwamba hatamsahau. Hatamsahau! Mtu ambaye hakuweza kukumbuka njia ya hospitali.

Fundi alikuja mkono umefungwa bendeji, akasimama karibu na mlango. Hakuna aliyempa kiti, katika karakana iliyojaa makochi. Nikamsogezea kochi moja.

Mkaguzi akamwuliza, "Uyu muzehe ni nani kwako?"

Fundi alimgeukia baba mdogo. Hakuwa na hasira usoni, na nadhani hilo ndilo lililomtia mzee wetu jasho.

"Ku hopitali nilingoja mujomba," alisema. "Akuna mujomba mwenye alikuya. Uyu ni patron yangu."

Mkaguzi akatoa kalamu aandike neno hilo: mwajiri. Baba mdogo akaanza kueleza kwamba dawa za maumivu zimemchanganya kijana, kisha akanigeukia, mimi mtu pekee wa ukoo wake mle ndani, nithibitishe kwamba huyu ni mtoto wa shangazi yangu. Nikamwambia mkaguzi kwamba shangazi yangu hana mtoto wa kiume, na kwamba fundi huyu ameajiriwa kwetu tangu mimi nikiwa shule ya msingi.