Ndege Asiyeruka na Karatasi ya Koko

Shemeji yangu alipoifuta mashine yangu yote, nilimrushia kandambili. Nina hasira za karibu, mji mzima wa Baraka unajua, ila shabaha sina. Kandambili ilipiga ukuta, ikaanguka juu ya printa, naye hakugeuka hata kuitazama. Alibaki kwenye kiti changu, mbele ya kioo cheusi kilichokuwa kinamwaga mistari ya maneno meupe, akitafuna karanga.

"Shemeki, hapana kulia," alisema. "Hii ya zamani ilikuwa imeoza. Mi nakuwekea ingine, haishikake magonjwa ya huku."

"Na kazi zangu?"

"Niko nazo pembeni. Ikala, kula karanga."

"Karanga ni zangu," nilimwambia, nami sikukaa.

Huyu shemeji ni mume wa dada yangu mkubwa. Anafundisha hesabu kule Lulimba, na kila likizo hushuka kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope, aje kula samaki wa ziwa na kunichokoza. Mimi nina sekretaria, yaani kibanda cha kuchapa na kutoa nakala, karibu na soko: chumba kimoja, mashine moja ya kompyuta, printa moja, paneli ya jua juu ya bati. Nachapa barua za kuomba kazi, vitabu vya wanafunzi wanaomaliza chuo, mialiko ya harusi, programu za matanga. Mashine ilikuwa mgonjwa wa miaka. Ningeweza kuiwasha asubuhi, nikaenda kununua ndagala, dagaa wetu wa hapa, nikarudi nikawachambua wote, na bado ikawa inazungusha kile kiduara chake.

Ugonjwa ulikuja na flashi za wateja. Flashi ikiugua, ukiifungua huoni tena faili zako. Mahali pake unakuta vimshale vidogo ambavyo ukivibonyeza havikupeleki popote. Dawa yetu ilikuwa moja, sekretaria zote za hapa Baraka na zile za juu Fizi: unaifuta flashi yote, unamrudishia mwenyewe ikiwa safi na tupu, na unampa pole. Watu waliniletea picha za ndoa, wakaondoka na flashi safi. Tulifanya hivyo miaka na miaka, na kusema kweli tulijiona mafundi.

Sasa lazima nimtaje Koko, yaani bibi yangu, mama wa mama. Miaka mitatu kabla ya kandambili ile, alikuja sekretaria amevaa kitenge cha ibada, akakaa, akaniamuru nichape programu ya mazishi yake. Alisema amekwenda kwenye matanga mengi yaliyopangwa na watu wasio na akili, na yake hatayaacha mikononi mwao. Alinisomea yote kutoka kichwani. Nyimbo nne, mbili za Kibembe. Nani apike, nani asikaribie chungu. Mama yangu aongoze kuimba. Kisha ikaja orodha ndefu ya watu wasiopewa neno.

"Shemeji ya kaka yangu, asishike mikro," alisema. "Ule atasema mupaka maiti iamuke."

Nikachapa, huku nacheka, nikaitia kwenye flashi yake nyekundu. Aliifunga kwenye ncha ya kitenge akaenda zake. Baadaye mashine iliugua nikaifuta, bila wasiwasi, kwa kuwa karatasi ya Koko ilikuwa salama kwenye flashi. Siku aliporudi ili nimtolee nakala, flashi ilinitolea vimshale. Nilimwambia anipe niisafishe. Aliichomoa kwa mkono wake mwenyewe.

"Umeshaua moya. Ya pili hautaua."

"Basi nisomee tena, Koko. Nitaandika upya."

"Lufu ukiiita mara moya, inazani ni mutani. Ukiiita mara mbili, inakuya." Lufu, kwa lugha yetu, ni kifo.

Basi tangu siku ile Koko hakuweza kufa. Alisema hivyo waziwazi, kwa yeyote aliyeuliza hali yake. Malaria ilipombana mpaka mchungaji akaitwa kumwombea, aliinuka kitandani akamwambia, "Pasta, urudie nyumbani. Siwezi kwenda, karatasi yangu imefungiwa mu flashi." Akapona. Wiki iliyofuata alikuwa shambani akipanda muhogo. Tulikuwa tunamcheka, naye alituacha tucheke.

Katikati ya miaka hiyo aliyetangulia ni mama yangu, bila karatasi yoyote. Mama ndiye aliyekuwa sauti ya kwanza ya kwaya yetu. Akianza wimbo kanisani, wavuvi walimsikia ufukweni. Mimi sikurithi sauti ile. Kwaya ilinijaribu Jumapili moja, halafu kwa upole ikanipa kazi ya kupanga viti. Kwenye matanga ya mama, Koko alinishika mkono akaniambia neno moja tu: "Unaona? Mwenye hana karatasi njo anaendaka." Sikujua kama ananilaumu au ananituliza. Mpaka leo sijui.

Mfumo mpya wa mashine aliouweka shemeji unaitwa Linux. Ni wa bure, na watu walioutengeneza wameuchorea ndege mnene mwenye kifua cheupe, anayesimama wima na asiyeweza kuruka. Shemeji alimweka kwenye kioo, mkubwa, katikati. Shemasi wa kanisa letu alikuja kutoa nakala ya tangazo, akamtazama ndege yule muda mrefu.

"Hii ndege, inaliwaka?" aliuliza.

Siku ya kwanza nilipotea kwenye mashine yangu mwenyewe. Vilivyokuwa chini vilikuwa vimehamia juu, vya juu vimejificha, na kila nikitaka kufanya jambo la maana ndege ananidai neno la siri. Zaidi ya hayo, shemeji alikuwa ameiweka kibodi ya Kiingereza, wakati vidole vyangu vimekulia kwenye ya Kifaransa. Nilichapa Baraka, kioo kikaandika Bqrqkq. Nikachapa tena kwa nguvu, kana kwamba mashine ni kiziwi. Bqrqkq. Nilianza kucheka peke yangu, nikacheka mpaka mama muuza mawese wa jirani akachungulia kuona nani yuko kwangu. Shemeji alirekebisha baadaye, baada ya kula.

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Siku ya pili niliiwasha, na kabla sijavuta kiti ilikuwa tayari inaningoja. Nikaizima nikaiwasha tena, kwa raha tu. Nikafanya hivyo mara tano. Shemeji akanifundisha kufungua lile dirisha jeusi na kuandika amri: unaandika kineno kifupi, unabonyeza, na mistari inaporomoka kama mvua juu ya bati. Wateja walikuwa wananyoosha shingo waone. Mama muuza mawese akaniuliza kwa heshima kama siku hizi nafanya kazi na serikali. Sikumwambia kwamba amri ile ilikuwa inanionyesha orodha ya faili zangu tu. Nilikunja uso nikaandika nyingine.

Siku ya tatu aliingia mwalimu mmoja kutoka Lubondja, amebeba flashi yenye kitabu chake cha kumaliza masomo. Alinipa kwa mikono miwili. Alikuwa ameshaelezwa Fizi kwamba imekufa, na alikuja kwangu kuifutisha tu ili apate pa kuanzia upya. Nikaichomeka. Vimshale vilikuwepo, kama kawaida. Lakini pembeni yake palikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukiona kwenye mashine ya zamani: folda isiyo na jina, tupu kabisa mahali pa jina. Nikaibonyeza. Ndani, kitabu chake chote, sura kwa sura, na picha zake za ubatizo juu.

Nilimwita shemeji kwa sauti iliyowaamsha kuku wa jirani. Alikuja na samaki mkononi, akatazama, akasema kama mtu anayeeleza jedwali la kuzidisha: ugonjwa ule haufuti kitu, unachukua faili za mtu na kuzificha ndani ya folda isiyo na jina. Mfumo wa zamani ulikuwa unadanganyika. Ndege hadanganyiki, anaonyesha kila kilichomo.

Mwalimu wa Lubondja alinikumbatia, kisha akamkumbatia shemeji pamoja na samaki. Mimi nilifurahi, halafu nikakaa chini. Miaka yote ile hatukuwa tukisafisha kitu. Faili zilikuwa hai ndani, nasi mafundi tulikuwa tunaziua kwa mikono yetu na kutoa pole.

Habari ilikimbia sokoni kuliko pikipiki. Kesho yake mlangoni kulikuwa na watu wenye flashi zilizokufa zamani, flashi zilizokaa kwenye makopo ya chumvi, kwenye Biblia, moja imeshonewa ndani ya mto. Mama mmoja aliyeshuka kutoka milimani alifungua yake, na chumba kikajaa ng'ombe: picha za ng'ombe wa marehemu baba yake, mmoja mmoja, kila mmoja akitazama kamera. Alikuwa anawataja kwa majina. Bibi harusi wa zamani alijiona mwembamba, akataka watu wote wamwone. Nilikuwa nabonyeza folda zisizo na majina kama mtu anayefungua zawadi, na mstari mzima wa watu ulikuwa unapiga makofi. Sijawahi kuwa na wiki tamu kama ile. Nilikuwa nasahau kula.

Kisha nikamkumbuka Koko, nikaacha kubonyeza.

Kwa sababu flashi nyekundu haikuwahi kufutwa. Karatasi ilikuwa mle ndani, hai, miaka yote, nami sasa nilikuwa na ufunguo. Na Koko alikuwa amewaambia watu wote kwamba kinachomzuia kwenda ni karatasi ile tu. Najua, ni mambo ya utani. Nimesoma. Nilimzika mama yangu na sikuwa tayari kufanya utani huo ufike mwisho. Niliamua kunyamaza. Nilimwambia shemeji naye anyamaze, akaapa kwa karanga.

Lakini Baraka hainyamazi. Siku ya sita mstari ulifunguka wenyewe, watu wakasogea pembeni kwa heshima, na Koko akaingia amevaa kitenge cha ibada. Alikaa kwenye kiti cha wateja, ng'ambo ya meza. Akafungua ncha ya kitenge, akaweka flashi nyekundu mbele yangu.

"Muke mwenzangu," aliniita, kama mabibi wanavyowaita wajukuu wao wa kike, "banasema uko unafufua."

Niliichomeka. Vimshale. Folda isiyo na jina. Nikaibonyeza, na faili moja peke yake ikatokea, KOKO MAZISHI, kwa herufi kubwa nilizochapa mwenyewe huku nacheka. Kioo kilinielekea mimi. Koko alikuwa anauona mgongo wa mashine tu. Ningeweza kusema imekufa, pole Koko. Neno lilikuwa tayari mdomoni, nililizoea, nilikuwa nimewaambia watu wangapi.

"Koko," nilisema, "hii yako..."

"Toa nakala," alisema. "Uso yako imeshanionyesha."

Printa ilitoa karatasi mbili. Alivaa miwani, akasoma polepole, kidole juu ya kila mstari, na watu wote wa mstari wakiwa wamejipanga dirishani. Alipofika kwenye orodha ya wasiopewa neno alinyoosha mkono, nikampa kalamu.

"Huyu amekufa," alisema, akamfuta. "Huyu naye. Huyu alihamia Kalemie, hatafika. Shemeji ya kaka yangu amekufa mwaka yenye ilipita, na kwa matanga yake banasema alizungumuziwa vizuri." Alifuta mpaka orodha ikaisha, akavua miwani akanitazama kwa hasira ya kweli. "Karatasi hii haina kazi tena. Andika ingine. Nimeshapata maadui bapya."

Dirisha zima lilicheka. Shemeji alikuwa amekaa chini kwenye kizingiti, anafuta machozi. Nami nilicheka nikishika meza, kwa sababu nilikuwa nimeogopa sana.

"Ulisema lufu haiitwe mara mbili, Koko."

"Sikuiite. Ninakosoa tu."

Alirudi kwenye karatasi, nikaona kidole chake kinapanda mpaka mahali pa nyimbo. Pale palikuwa na jina la mama yangu: aongoze kuimba. Kalamu ilisimama juu ya jina lile. Watu wa dirishani hawakujua kinachosomwa. Nilingoja alifute kama alivyowafuta wengine. Hakulifuta.

"Huyu umuache," alisema. "Weka yako chini ya yake. Utaimba weye."

"Koko, mi sijue kuimba. Unajua mwenyewe. Kwaya ilinipa viti."

Alifunga flashi kwenye ncha ya kitenge, akakaza fundo kwa meno, akasimama.

"Basi ujifunze," alisema. "Mi siwezi kwenda na sauti yako ile. Nitangoja."

Tangu hapo kila Alhamisi jioni, nikishafunga sekretaria, napita kwake, tunakaa nyuma ya nyumba, ananifundisha zile mbili za Kibembe. Nakosea mwanzo, nakosea mwisho, majirani wanalalamika. Koko anatikisa kichwa na kusema bado, bado sana. Na mimi najifunza polepole kadiri ninavyoweza.