Tabibu wa Takaba anayeuliza kwanza mgonjwa alichomwa wapi

Saa mbili asubuhi, katika zahanati moja nje kidogo ya mji wa Takaba, tabibu Fowsiya Keinan anamwambia mgonjwa avue shati. Kipimo kiko mezani na kimeshasema malaria. Nje wanangoja watu arobaini, na wengine wameanza kunung'unika. Angeandika dawa tu, kila mtu aende zake.

Haandiki. Anayatazama makovu manne mabichi chini ya mbavu za kushoto za Guleid, mchunga ngamia wa miaka ishirini na miwili.

"Nani amekuchoma, walaal, ndugu yangu?"

Guleid anamtupia jicho mjomba wake, Kulow. Mzee anainamisha kichwa. Huku, tumbo likivimba, watu hupasha chuma moto wakachoma pale panapouma. Wanajua pia kwamba wahudumu wa afya hawataki hata kusikia habari hiyo.

"Ni mimi, doktari. Usikasirike."

"Sikasiriki, adeer, mzee wangu. Kwa nini hapo? Na lini?"

"Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Homa sasa ni mwezi wa pili."

Miezi miwili ni mingi mno kwa malaria peke yake. Fowsiya anabonyeza taratibu, anaikuta bandama imevimba na kushuka hadi karibu na kitovu. Anashuku kala-azar, ugonjwa wa vijidudu vinavyoletwa na nzi wadogo wa kwenye vichuguu, ambako wachungaji hupumzika. Usipotibiwa, unaua.

"Malaria anayo, sikatai," anasema. "Lakini mtu anaweza kuwa na malaria na kingine juu yake. Hilo nimejifunza kwa mtoto wa watu."

Mtoto huyo alikuwa Sadia, wa miaka sita. Miaka miwili iliyopita, baada ya mvua, mama yake, Ramlo, alimleta na homa. Kipimo kilisema malaria. Tumboni kulikuwa na alama tano za moto, na Fowsiya akapandwa na hasira.

"Nilimfokea mbele ya foleni nzima. Nikamwambia, 'Utamuua mtoto kwa huo moto wako!' Tumbo sikuligusa. Nilishaona malaria, nilishaona moto, nikajiona nimemaliza."

Jamani, mama wa watu alikuwa amemwonyesha ugonjwa ulipo! Wiki tatu baadaye Ramlo alirudi, safari hii mtoto amefunikwa shuka, mama hataki afunuliwe, anaogopa kufokewa tena. Wakapewa dawa zilezile. Mara ya tatu Sadia alikuja akitokwa na damu puani, na ndipo Fowsiya alipomshika tumbo kwa mara ya kwanza. Mtoto alifia njiani, ndani ya lori, kabla ya kufika hospitali.

Sasa kila mwenye homa hushikwa tumbo, hata kama kipimo kimeshajibu, na kila kovu huulizwa habari zake. Muuguzi mwenzake, Abdihafid, humtania kwamba amekuwa polisi wa matumbo. Mwaka huu Fowsiya amewapeleka hospitali watu tisa. Sita walikutwa na kala-azar. Wawili kati yao walikuwa wamechelewa, wakafa.

Kulow anasikia kwamba matibabu ni sindano za siku kumi na saba hospitalini, anashtuka.

"Na ngamia watanyweshwa na nani?"

"Adeer, wa kunywesha ngamia utampata. Huyu akianza kutoka damu, mimi hapa sina cha kumpa."

Mzee anatoka kwenda kutafuta nafasi kwenye lori la mifugo.

Fowsiya anatamani zahanati ipate kipimo chake cha kala-azar. Lakini linalomnyima raha ni lingine. Ramlo amehamia upande wa Banissa, na huko hakuna ndugu anayemwachia mtoto wake hata kwa saa moja. Kwao, yeye ndiye aliyemuua Sadia kwa moto. Neno hilo lilitoka kwa tabibu mwenyewe, mbele ya foleni, likawafikia.

"Likizo yangu ni mwezi ujao," anasema. "Nitakwenda Banissa, nimwombe Ramlo awaite ndugu zake wote wakae. Nitawaambia alinionyesha ugonjwa ulipo, mimi ndiye ambaye sikuangalia."