Taa ya Kushoto

Baba yangu, ambaye nyumbani tulimwita Tata, alikuwa na pikapu moja maisha yake yote ya udereva. Alibeba nayo mpunga kutoka Busale na Bujonde kuupeleka kwenye mashine za kukoboa pale Kyela mjini, na msimu wa kakao ulipofika alibeba kakao. Mimi ni mtoto wake pekee aliyebaki hai, na ni fundi umeme wa magari. Watu walipokuja gereji wakashangaa kumkuta mwanamke ameinamia injini, yeye ndiye aliyewajibu. "Huyu ndiye fundi wangu," alisema. "Gari langu haliguswi na mwingine." Kwa hiyo yaliyotokea siwezi kumsukumia mtu. Gari lile nililishika mimi.

Mwaka juzi, mvua za masika zikiwa bado zinanyesha, alinijia gereji asubuhi na mapema, suruali imelowa mpaka magotini.

"Taa zimekufa," alisema.

Niliwasha. Zilikuwa zinawaka, njano kama siku zote.

"Hazijafa, Tata."

"Basi zimechoka. Alfajiri nimetoka Busale kama mtu aliyefungwa kitambaa usoni. Niwekee hizi nyeupe wanazofunga vijana wa bodaboda."

Nilifurahi, sitaficha. Wakati ule kazi ya kubadilisha balbu za zamani na kuweka LED ndiyo iliyokuwa ikinipa wateja kuliko kazi nyingine yoyote, na baba yangu alikuwa mtu wa kukataa kila kitu kipya. Nilikwenda duka la spea la mzee mmoja Mwislamu, ambaye wazazi wake walitoka Pwani wakafanya biashara hapa mpaka wakazikwa hapa. Nikachukua jozi moja, na jioni ile ile nikaifunga.

Kazi yenyewe si ngumu. Unavua kifuniko cha mpira nyuma ya taa, unafungua kibanio, balbu ya zamani inatoka, mpya inaingia. LED ina kifeni kidogo mgongoni cha kuipoza, na kwa sababu ya kile kifeni mpira haukurudi mahali pake. Nikautoboa kwa wembe. Jua lilikuwa limeshazama nilipomwambia Tata akae kwenye usukani, awashe, tuone mwanga ukutani. Ukuta wa gereji ukang'aa kama uliopakwa chokaa siku ile.

"Ya kulia safi," alisema kutoka ndani. "Ya kushoto je?"

"Zote zinawaka."

"Ya kushoto haiwaki, mwanangu."

Nilienda mbele ya gari, nikapitisha mkono kwenye mwanga wa kushoto. Kivuli cha vidole vyangu kikatokea ukutani, kikubwa, kila kidole peke yake. "Inawaka, Tata. Angalia." Akageuza kichwa, akatazama kwa muda.

"Haa. Sasa imewaka. Inakatikakatika hiyo."

Nilimwamini. Dereva akikwambia taa inakatika, fundi hamtazami dereva. Anautafuta waya uliolegea.

Niliutafuta wiki nzima. Nilibadilisha soketi ya kushoto. Nilibadilisha fyuzi. Niliufuata waya wa eathi mpaka unapofungwa kwenye bodi, nikasugua kutu kwa msasa, nikaufunga upya. Kila mara taa iliwaka mbele yangu, na kila mara Tata alirudi baada ya siku mbili tatu akisema imekatika tena. Nilianza kudhani ni LED yenyewe mbovu, maana nyingine hazina muda mrefu. Nikaweka jozi ya pili, yenye mwanga mkali zaidi.

Hapo ndipo watu walipoanza kulalamika. Vioo vya taa za gari lile vilitengenezwa kwa balbu ya zamani, na mwanga wa LED ndani yake haukukaa chini. Ulitawanyika mpaka kwenye majani ya migomba pembeni mwa barabara, na ukawapiga machoni waliokuwa wakija. Dereva mmoja wa bodaboda alisimama gereji kwangu kunieleza.

"Mama, mzee wako atatuua na zile taa. Tukipishana naye mimi nasimama kabisa."

Nikaziinamisha. Tata akasema sasa haoni kitu. Nikaziinua kidogo. Mvua ikinyesha ilikuwa mbaya zaidi, mwanga mweupe uligonga matone ukamrudia usoni kama ukuta. Alisema hivyo mwenyewe, kwa hasira, na mimi nikamjibu kwa hasira kwamba taa ni nzima, ajifunze kuendesha polepole. Hatukuwa tumezoea kujibizana. Kesho yake nilikwenda dukani kutafuta jozi ya tatu.

Yule mzee wa duka aliliweka boksi juu ya meza lakini hakuondoa mkono wake juu yake.

"Hizi ni za mzee wako tena?"

"Ndiyo."

"Binti, nikuulize kitu usinichukulie vibaya. Wiki iliyopita alipita hapa. Nilimpa mkono, hivi, kutoka upande huu. Akausubiri mkono wangu mahali ambapo haukuwepo."

"Alikuwa na haraka."

"Hakuwa na haraka. Alikaa saa nzima." Akalivuta boksi upande wake. "Mama yangu alianza hivyo hivyo. Alikuwa anagombana na taa ya chemli. Kila siku anasema utambi mbovu. Mpeleke Mbeya, wakampime macho."

Nilisema nitampeleka. Nilisema hivyo ili mkono wake utoke juu ya boksi. Njiani nilikuwa nimekasirika, kama mtu aliyetukaniwa mzazi. Baba yangu alikuwa anaendesha gari kila siku, kwenye zile barabara, na hajawahi kumgusa hata kuku. Nilizifunga zile taa. Safari hii Tata hakusema kitu juu ya ile ya kushoto, nami nikaona nimemaliza tatizo. Sasa najua alinyamaza kwa sababu aliona nimechoka.

Ajali ilitokea mwaka uliofuata, saa nne asubuhi. Jua lilikuwa kali, barabara kavu, na taa zote za gari lile zilikuwa zimezimwa kama inavyotakiwa mchana. Alikuwa anatoka Bujonde. Mwanamke mmoja wa huko alikuwa anasukuma baiskeli yenye mikungu miwili ya ndizi, pembeni kabisa, upande wa kushoto. Tata alimchukua yeye na baiskeli, akaenda nao mpaka kwenye mtaro.

Nilifika kwa bodaboda. Mwanamke walikuwa wamekwisha kumpeleka hospitali. Tata alikuwa amesimama kando ya gari, ndizi zimepondeka chini ya miguu yake, na watu wamemzunguka bila kumgusa, kwa sababu walimfahamu.

"Hakuwepo," aliniambia. "Mwanangu, naapa. Upande ule hapakuwa na mtu."

Nilisimama kushoto kwake. Nikainua mkono wangu karibu na sikio lake, nikachezesha vidole. Aliendelea kutazama mbele. Nikausogeza mkono polepole kuelekea puani. Ulipofika karibu kabisa na pua ndipo alipostuka, akaniuliza, "Unafanya nini?"

Nikaushusha mkono, nikamshika kiwiko.

Mbeya, daktari wa macho alikuwa kijana mpole. Alimpima Tata muda mrefu, kisha akatuita wote wawili. Alisema ni presha ya macho. Huua mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, tena haiumi, na mshipa ukishakufa haurudi, hata kwa upasuaji. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia lilikuwa limebakiwa na katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Nilimuuliza iwapo mtu anaweza kupofuka asijue.

"Wengi hawajui," alisema. "Haoni giza. Anaona kama pale hapana kitu. Mara nyingi huanza kwa kusema mwanga hautoshi. Alianza lini kulalamika?"

"Kama mwaka hivi."

Akaandika. Hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. Tata aliuliza swali moja tu, iwapo basi taa za gari lake zilikuwa nzima. Nikamwambia zilikuwa nzima tangu mwanzo, hata zile za njano. Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeelezwa habari za mtu mwingine.

Tulimtembelea yule mwanamke hospitali, na baadaye nyumbani kwake. Mguu ulipona vibaya, ukawa mfupi kuliko mwenzake, na shambani hakurudi tena kama zamani. Hakutufukuza. Siku ya kwanza, Tata alipomaliza kuomba msamaha, mwanamke alisema maneno ambayo hayajaniacha.

"Alinitazama, yule baba. Usoni kabisa. Nikajua ameniona, ndiyo maana sikukwepa."

Alisema "yule baba" wakati Tata amekaa mbele yake.

Dawa za matone zilisaidia kwa miezi michache, au tulijidanganya kwamba zinasaidia. Ile katikati iliyobaki ikaanza kusinyaa. Pikapu ilinunuliwa na mtu wa Mwaya. Siku anakuja kuichukua niliomba anipe saa moja kwanza, nikang'oa LED na kurudisha balbu za zamani. Aliniuliza kwa nini, mbona nyeupe ndizo zinazopendwa. Nikafunga boneti, nikampa funguo. Kwa yule mzee wa duka la spea nilipita mara moja. Alinimiminia kahawa, akaniuliza hali ya baba, akakaa na mimi. Neno la "nilikwambia" halikutoka kinywani mwake. Sasa hivi nanunua spea duka jingine.

Leo Tata haoni kabisa. Asubuhi namtoa nje, namkalisha upande wa jua, namwacha na redio, nakwenda gereji kufunga taa za watu.

Daktari alikuwa amesema jambo jingine siku ile, mwishoni, wakati Tata ametangulia kutoka. Alisema ugonjwa huu hupita kwenye damu, na mimi nipimwe mapema, kwa sababu mimi bado naweza kuokolewa. Nilimwambia Tata, nikakosea. Tangu siku ile hakuniacha. Kila Jumapili aliniuliza lini. Nimekata tiketi ya Mbeya mara mbili. Mara ya kwanza nilishuka kabla basi halijaondoka. Mara ya pili nilifika, nikakaa kwenye benchi nje ya chumba cha daktari nikisikia wenzangu wakiitwa mmoja mmoja, na zamu yangu ilipokaribia nikainuka nikaenda stendi.

Nilipofika nyumbani alikuwa bado amekaa pale pale nje. Alitambua nyayo zangu.

"Wamesemaje?"

"Wamesema mazima, Tata. Yote mawili."

Akaweka redio chini. Akanyoosha mikono mbele yake akanitafuta, akanipata bega, akanishika usoni, juu ya macho yangu, kwa vidole vyake vyote. Kisha akamshukuru Mungu kwa Kinyakyusa, kwa sauti ambayo majirani waliisikia.

"Ndaga," alisema. "Ndaga fijo."