Damu ya Mzee Ndunguru

Nilijiona bingwa. Nilikuwa nimepakua programu huria inayoigiza mwendo wa damu mishipani, basi Mzee Ndunguru, mkulima wa kahawa wa Kitura mwenye presha, alipokuja kliniki nikamwonyesha kwenye kompyuta mshipa wa mfano uliokuja na programu hiyo. Damu ikatiririka kwa rangi za kupendeza. Nikaeleza kila kitu, isipokuwa kwamba mshipa ule haukuwa wake. Nilitaka anisifu kuliko nilivyotaka aelewe.

Jana alirudi. Presha ilikuwa juu hadi nikapima mara mbili.

“Mzee, dawa unameza?”

“Niliacha siku ile ile, daktari. Si tuliiona wote damu yangu inavyopita vizuri?” Akageukia benchi, akamwita mkewe. “Njoo, mama. Daktari akuonyeshe na yako.”