Bechelal Alianza Kazi Lini?

Hebu mtazame mzee Bechelal akiingia kiwandani, pale Kannauj, mji wa manukato huko India, viatu mkononi kwa ajili ya tope, ametoka kupanda mpunga kwao. Haulizi mtu. Anauendea mtungi wa shaba wa kuchemshia maua ya manukato, anaugusa ubavuni, anainama, kisha anacheka. Chini hakuna kuni. Kuna bomba la gesi.

Bi Tarannum, aliyerithi kiwanda kwa baba yake, alikuwa akiiogopa asubuhi hiyo. Mchochea moto kama Bechelal hakuhitajika tena.

"Baba mdogo, kaa kwanza unywe chai," akamwambia, akimwita hivyo kwa heshima. "Notisi ya mwezi mmoja utapata, na mshahara wake. Linalonisumbua ni kiinua mgongo. Ni ujira wa nusu mwezi kwa kila mwaka uliotimiza tangu ulipoajiriwa."

"Basi hesabu, mwanangu. Nilikuja hapa ndevu hazijaota. Zimeota, zimeingia mvi."

Karani Dwivedi akakohoa. "Mama, kila msimu wa mvua huyu anaondoka na mshahara unasimama. Akirudi, marehemu baba yako alikuwa anampa bonge la sukari guru na kumwambia awashe moto. Huko ni kuajiriwa upya! Kwa hesabu hiyo hajatimiza hata mwaka."

"We Dwivedi, mkeo akikupa kitu kitamu ukitoka safari, ndiyo mmefunga ndoa upya?" Bechelal akauliza.

Tarannum akacheka hadi chai ikamwagika. Lakini swali halikumwagika nayo. Hesabu moja ingemwezekea mzee nyumba yake. Nyingine ingemfikisha kituo cha basi tu.

"Baba mdogo, kuna mwaka hukurudi?"

"Mmoja nilichelewa. Mama yangu alikuwa mgonjwa. Baba yako akapanda basi hadi kijijini, akalala kwetu, akasubiri. Huku maua yanaoza! Hakutafuta mtu mwingine."

"Umesikia, mama?" Dwivedi akadakia. "Alikwenda kumbembeleza mtu asiye wake."

"Alikwenda kumchukua mtu wake," Bechelal akasema, akapuliza chai yake.

Tarannum akashika kalamu, akaiweka, akamtazama huyu, akamtazama yule. Baba yake hakuwahi kumsimulia safari ile.

Nawe unaonaje? Baba yake Tarannum alipanda basi kumfuata mfanyakazi wake aliyechelewa, au kumsihi mtu ambaye tayari alikuwa huru?