Samaki Wadogo wa Rwizi

Mdogo wangu alipokuja kututembelea kwa mara ya kwanza tangu apelekwe kuishi ng'ambo, alimletea mama shali na dawa ya miguu, na yeye mwenyewe akajiletea fimbo ya kuvulia samaki.

Ilikuwa nyembamba kama njiti ya ufagio, nyepesi mno, hata nilipoishika nilidhani kuna kipande chake kimesahaulika kwenye begi. Uzi wake ulikuwa kama unywele. Kulikuwa na kisanduku cha vidudu vya mpira, vya kijani na vya manjano, kila kimoja kimefichiwa ndoano ndogo kuliko kucha ya mtoto. Alikuwa hajaijaribu bado. Alitaka kuijaribia mtoni, kwa samaki wadogo, kwa sababu samaki mdogo kwenye fimbo ya namna hiyo, alisema, ni raha tupu.

Mama alikuwa akimngoja nyumbani, Juru, kwenye kambi yetu ya wakimbizi. Alikuwa ameikandika nyumba upya na kuazima godoro kwa jirani. Lakini mdogo wangu alikodi chumba Mbarara, eti mgongo unamsumbua, akanipigia simu nitoke Kashojwa, soko la kambini ninakouza maharage, nikamwonyeshe fasi nzuri ya mto. Nilifunga meza yangu siku ya soko. Nilifika Mbarara nikiwa nimeshakasirika.

Tulishuka upande wa Kakiika, nyuma ya shamba la migomba, mahali Mto Rwizi unapopinda na maji kutulia. Akarusha kidudu chake cha kijani. Akakizungusha polepole, na papo hapo ile fimbo ikapinda kama unyasi uliotuliwa na ndege. Akacheka kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu akiwa mtoto. Akatoa ngege mdogo, mpana kama kiganja, anang'aa. Nikafungua mfuko niliokuja nao.

Akampiga picha. Akalowesha mkono, akamshusha majini, akamwacha aende.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Kule banavuaka hivi, yaya," akasema, akiniita mkubwa wake kama zamani. "Banarudisha."

Akavua mwingine, akamrudisha. Na mwingine. Mzee mmoja Mnyankole aliyekuwa akinywesha ng'ombe ng'ambo ya mto alisimama kutazama.

"Wewe natupa samaki?" akapaza sauti. "Yeye nagonjwa?"

"Hapana, mzee. Ni mchezo tu!"

Yule mzee akacheka mpaka akashika tumbo, akaswaga ng'ombe wake. Mimi sikucheka. Nilimfikiria mama, anayekula maharage asubuhi na maharage jioni, ambaye siku hiyo alikuwa amewaambia majirani wote kwamba mwanawe ataleta samaki. 

"Leta hiyo fimbo."

Akanipa, akanionyesha pa kushika. Nilirusha vibaya, nikarusha tena. Kisha nikausikia mvuto: mdogo, mkali, ukipita kwenye uzi hadi ndani ya kiwiko, kana kwamba samaki amenishika mkono. Ilikuwa tamu. Hilo nalo lilinikasirisha, kwamba kitu chake kilikuwa kizuri kweli. Nikamvuta ngege wangu hadi kwenye majani.

"Murudishe, yaya."

"Simurudishi."

"Nakuomba."

Nikaokota jiwe, nikampiga samaki kichwani, nikamtia mfukoni.

Mdogo wangu akageuka, akaanza kupanda kuelekea migombani. Nilimfuata nikipiga kelele. Nilimwambia amekuwa mzungu. Nilimwambia mama yake anaomba mboga kwa majirani naye anachezea chakula ili apate picha. Nilimwambia nilimvusha Mto Ruzizi mgongoni mwangu siku tuliyokimbia vita, na mimi mwenyewe nilikuwa mtoto, na haya ndiyo malipo yangu.

Akasimama.

"Mimi silaka samaki ya mtoni," akasema. "Juu ya ile siku. Niliona batu mu maji."

"Hukuona kitu. Nilikufunika na kitenge."

"Kilikuwa na tundu."

Nilikikumbuka kitenge kile. Nilikuwa nimekifunga kwa nguvu, nikamwambia alale, akatulia kimya njia yote, na miaka yote hii nilikuwa nikijisifu moyoni kwamba angalau yeye hakuona.

Ningependa kusema nilimkumbatia. Sikumkumbatia. Nilikasirika zaidi, hasira isiyo na pa kwenda. Niliwakasirikia waliowatia wale watu majini. Nikamkasirikia na yeye.

"Na mimi niliona," nikamwambia. "Niliona yote. Na ninakula, kwa sababu hakuna aliyeniuliza kama ninataka ao sitaki."

"Najua, yaya."

"Hujui."

Hata hivyo alikuja nami Juru jioni ile. Mama aliimba mlangoni, akamshika mashavu, akamkaanga yule ngege mmoja kwa nyanya na kitunguu, akamwekea mwanawe kichwa, sehemu ya mgeni. Mdogo wangu alikula bukari, ule ugali wetu, na maharage. Mama alikitazama kile kichwa kikipoa, akanitazama mimi. Yeye pia alivuka mto ule. Akakiinua kwa vidole, akakiweka kwenye sahani yangu.

Nilikila chote, na macho yake, nikinyonya mifupa kwa makusudi ili mdogo wangu asikie. Hakuinua uso. Baadaye mama alilitandika lile godoro la kuazima, na mdogo wangu akalala pale bila kutaja mgongo.

Alikaa kwa mama hadi siku ya kuondoka. Sasa hupiga simu kila Jumapili. Tunaongea juu ya mvua, juu ya bei ya maharage, juu ya miguu ya mama. Akianza kuniambia kwamba amekwenda kuvua, ninampa mama simu.