Spika Mbili za Nyuma

Walisema sitaweza kufunga hata swichi moja ikawasha taa. Leo nina diploma ya umeme, nimerudi Lushoto kutoka Dar es Salaam, na sebule yangu nimeitandazia nyaya mwenyewe, ndani ya ukuta. Spika tatu mbele, mbili ubavuni, sabufa kwenye kona. Wageni huangalia dari wakitafuta sauti inatoka wapi.

Lakini amplifaya yangu ina nafasi za spika saba. Mbili za nyuma zilikuwa tupu, na utupu ule ulinikosesha raha. Ninunue au niache? Nilipima ukuta, nikapima tena. Mwishowe niliazima spika mbili nijaribu kwanza, moja kwa fundi cherehani jirani yangu, nyingine kwa kinyozi.

"Ukiiunguza, nakunyoa kipara," kinyozi alisema.

"Unaongea na msomi," nikamjibu.

Ili sauti itokee nyuma, kochi lilibidi litoke ukutani likae katikati, likiupa mlango kisogo. Mama hukaa hapo kila Jumapili akitoka kanisani. Wengine wote walishanisifu. Yeye bado.

Jumapili alipokuja na kuketi, nikaweka filamu. Mlango ukagongwa nyuma yetu, upande wa kulia.

"Karibu!" mama akaitikia, akageuka. Hakuna mtu. Mara mzee akakohoa kushoto. Mama akainuka, akaweka khanga yake sawa. "Shika..." Hakumalizia.

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Mwanangu, nyumba gani hii watu wanaingia hawaonekani?"

"Ni spika, mama. Utazoea."

"Nizoee kumpa mgeni mgongo?"

Akachukua kikombe chake cha chai, akahamia jikoni.

Wiki nzima nilihangaika. Nilizipandisha spika, nikazishusha, nikazigeuza, nikapunguza sauti. Jumapili iliyofuata mama alipitiliza moja kwa moja jikoni. Nikabaki peke yangu katikati ya spika saba, nikisikia kila kitu vizuri mno.

Sikumaliza filamu. Nilirudisha kochi ukutani, nikafungua nyaya za nyuma, nikabeba zile spika mbili kuzirudisha.

"Diploma imegoma?" kinyozi aliuliza.

"Haijagoma. Zimefanya kazi kupita kiasi."

Fundi cherehani nilimkabidhi yake ikiwa imefutwa vumbi. Sikubaki na kitu cha mtu.

Niliporudi, mama alikuwa kwenye kochi, mgongo ukutani, kikombe mkononi. Aliniona kabla sijabisha hodi.

"Karibu," akasema. "Sasa hapa pamekaa vizuri."